Barua ya Mlinda Lango

Mgeni yule alitokea mtoni, si barabarani. Honora Cassin alikuwa akigeuza nyama ya kondoo kikaangoni, pale kwenye kituo cha kubadilishia farasi, alipomwona akipanda ukingo na kofia ndefu kichwani, maji yakimchuruzika mpaka viatuni, amekumbatia kasha kama mtoto mchanga.

"Kigari changu kimekwenda na maji," alisema akihema. "Lakini dawa imepona!"

"Dawa imepona, na mwenye dawa je? Ingia ukauke, usije ukafa mlangoni kwangu."

Alijitambulisha kuwa Daktari Lucius Pym. Ndani ya kasha mlikuwa na chupa ishirini na nne za Matone ya Dhahabu: ya mgongo, ya meno, ya upara, hata ya huzuni. Alitaka kuwahi Merrigal, ambako siku hiyo, saa sita mchana, serikali ingegawa mashamba kwa kura na wilaya nzima ingekuwa pale.

Honora naye alikuwa akienda huko, na usiku uliopita hakupata hata lepe la usingizi. Kwa miaka sita alikuwa amewapikia wasafiri katika jiko la kukodi. Shamba namba kumi na saba ndilo lililokuwa na jiko hilo, na nyuma yake kisima kisichokauka, ambacho wenyeji wa nchi ile walikinywea tangu ramani haijachorwa. Sheria mpya ilimruhusu mwanamke asiye na mume kuomba shamba, na jina lake lilikuwa tayari ndani ya sanduku. Jina likitoka, huitwa mara tatu, na mwenyewe lazima aweke kidole chake kwenye ramani. Asipokuwepo, jina hupelekwa mwisho, kwenye mabaki. Bwana Mould, mwenye kondoo elfu ishirini, alikuwa ameandikisha wachungaji wake kumi na wawili, na kila mmoja ameambiwa aweke kidole kwenye kumi na saba.

Saa tatu baragumu la gari la abiria lilisikika. Dereva, mzee Silas Rudge, alishuka amejishika kiuno.

"Honora, mwanangu, mgongo umekatika vipande viwili."

"Vipande viwili tu?" Pym alidakia, na kizibo kimeshatoka.

Honora alipomaliza kufunga farasi wapya, Rudge alikuwa ameketi juu ya gunia la shayiri, macho yakimlegea. Alimvuta upindo wa aproni, akamtia barua mkononi.

"Ya Jabez Tregear, pale lango la ushuru. Hajui kusoma. Mwaka jana msafiri mmoja alimsomea mbiombio, akamwambia mama yake mzima. Kumbe amekufa. Maskini akamtumia shali! Nilimwahidi barua ijayo atasomewa yote, neno kwa neno, palepale. Usimpite, Honora."

"Simpiti."

"Niahidi."

"Nimekuahidi, mzee wangu. Haya, panda, tunachelewa!"

Lakini Rudge alikuwa ameanza kukoroma.

"Imeandikwa kijiko kimoja," Pym alinong'ona.

"Kanywa chupa nzima!"

"Basi amepona sana."

Abiria walichungulia madirishani. Dinny Roche, mkata manyoya ya kondoo, ndiye aliyeuliza: "Sasa nani ataendesha?"

"Mimi," Honora alisema. Neno lilimtoka kabla hajalifikiri. "Ninawafunga farasi hawa kila siku. Wananijua kuliko huyu anayekoroma."

"Mama yangu! Na mimi sijaandika wosia."

"Utaandika njiani, Dinny. Msaidie daktari kumbeba mgonjwa wake."

Wakamlaza Rudge ndani kama gunia. Honora akapanda juu, akashika hatamu nne, na moyo ukampiga kama kwato. Farasi walitoka kwa kishindo! Walivuka mto maji yakirukia magurudumu, wakapanda vilima vya miti ya mikalitusi, vumbi likifuka nyuma yao. Kofia ya Pym ilipeperuka, akalia, "Kofia yangu!" na Dinny akamjibu, "Shika kichwa, daktari, kofia zinauzwa!" Honora alijikuta akicheka kwa sauti. Hakuwa amewahi kwenda kasi hivyo maishani, na mbele yake, mwisho wa kasi ile, palikuwa na nyumba yake mwenyewe.

Zikiwa zimebaki dakika kumi kufika saa sita, walitokeza juu ya kilima cha mwisho. Merrigal ilikuwa chini yao na mahema yake, na bendera nyekundu ya kuanzisha kura haijapandishwa bado. Kati yao na mji lilikuwapo lango tu.

Jabez Tregear alilifungua, kisha akasimama, mkono ameunyoosha, kama alivyosimama kila Alhamisi kwa miezi kumi na moja.

Honora aliitoa barua mfukoni. Ndipo alipoitazama vizuri. Bahasha ilikuwa na ukingo mweusi, ukingo wa msiba.

Tregear hakujua kusoma, lakini rangi ile aliijua. "Nina mke huko, na binti," alisema polepole. "Ni yupi, mwanangu?"

Honora aliichana bahasha haraka. Laiti angeweza kudokoa jina moja tu akaondoka! Lakini walioandika walikuwa wamebana karatasi: mistari ilikwenda upana, kisha mingine ikapita juu yake urefu, kama wavu. Barua ya namna hiyo husomwa mstari mmoja mmoja, au haisomwi.

"Mwambie wote wazima, twende!" Pym alisihi kutoka juu. "Nipe mimi, namsomea vizuri kabisa!"

"Wewe nakujua utakavyosoma."

Tregear alilisukuma lango likafunguka zaidi. "Nenda tu, binti. Utanisomea jioni. Jioni si mbali." Lakini mkono wake ulikuwa umeling'ang'ania lango, na lango zima lilikuwa likitetemeka.

Honora alizungusha hatamu kwenye breki, akashuka.

"'Mpenzi Baba,'" alianza. "'Nakuandikia kwa moyo mzito...'"

Mistari iliyopishana ilimchelewesha, dakika zikapita, na chini bendera nyekundu ikapanda. Upepo ulikuwa ukitoka mjini, ukileta sauti ya karani katika tarumbeta yake ya kupazia sauti. Likaitwa jina moja, akatokea mtu. Likaitwa la pili.

"Honora Cassin!"

"Wewe huyo!" Dinny alipiga yowe. Aliruka chini, akatimua mbio kuteremka kilima, akipunga kofia. "Yupo! Yupo huku! Ngojeni, jamani!"

"'...homa ilimshika Jumapili,'" Honora alisoma, "'na Jumatano alfajiri akatutoka baba mdogo Jory...'"

"Jory," Tregear alisema. "Mdogo wangu." Alifumba macho. Kisha, kwa hofu, "Na Keziah? Na Tamsin?"

"Honora Cassin!"

"Ni wewe wanayemwita, mwanangu?"

"Ni mimi." Hakuinua macho. "'Akiba yake yote ametuachia. Kwa hiyo Baba, mimi na Mama tumekwisha...'" Mstari ulikuwa umefika ukingoni. Aliigeuza karatasi ubavu, akitafuta mwendelezo kwa kidole, kidole kilekile alichokuwa amekusudia kukiweka kwenye ramani.

"Honora Cassin! Mara ya tatu!"

Dinny alikuwa bado nusu ya kilima. Kisha tarumbeta ikaita jina la mchungaji wa Bwana Mould.

"'...tumekwisha kulipa nauli ya meli,'" Honora alisoma, machozi yakimwanguka kwenye karatasi, naye akiyafuta upesi yasije yakaharibu wino. "'Utakaposomewa haya, tutakuwa baharini, tukija kwako.'"

Tregear aliketi chini vumbini, akicheka na kulia pamoja.

"Rudia hapo," aliomba.

Akarudia hapo. Kisha akaendelea, neno kwa neno, mpaka kwenye jina la binti mwishoni.