Seli Zilizogoma Kufa

Jumatatu asubuhi Shangazi alimkuta binti wa kaka yake ameinamia hadubini, analia.

"Hazifi, Shangazi! Hazifi!"

Shangazi akaegemeza fagio ukutani. Umri wote ule, na mume aliyemzika, hakuwahi kuona mtu akililia kitu kwa sababu ni kizima.

"Nani hafi, mwanangu?"

"Seli za neva. Nimezitilia dawa inayokwapua zinki yote ndani yake, nazo zimenawiri kama maharusi!"

Huyu binti ndiye aliyemwombea Shangazi kazi ya usafi pale maabara. Ijumaa Profesa, mkubwa wao, angekuja kukagua. Akikuta seli hazijafa, chumba kile angepewa Bwana Minyoo, mtafiti wa jirani, ambaye tayari alikuwa amekuja kupima dirisha apate kujua kama pazia lake litatosha.

"Hiyo zinki ikikosekana kuna nini?"

"Ni chembe ndogo mno, lakini seli ikiikosa huko ndani, inajipa yenyewe amri ya kufa. Inajikunja, inajikatakata, basi."

"Inajiua?"

"Inajiua. Tukijua inavyoanza, huenda siku moja tukaizuia kwa wagonjwa."

Shangazi akashika deki, lakini mkono ulikuwa mzito. Maana kila asubuhi, akipangusa rafu yenye visahani vya seli, alikuwa na dua yake: "Mola, viumbe hawa siwajui hata sura, lakini wasitiri." Na Mola, kumbe, alikuwa anasikia kupita kiasi.

Jumanne akaacha kuziombea. Jumatano zilikuwa hai. Bwana Minyoo akaja tena, safari hii na misumari.

Alhamisi Shangazi akashindwa kuvumilia. Akaketi kwenye kigoda, akavua kilemba, akaungama yote.

Binti akacheka mpaka akajishika mbavu. "Dua tu? Hukugusa kitu?"

"Mimi ni mtu wa kugusagusa? Labda dumu lako la maji, nalo naliosha tu."

Kicheko kikakatika. "Unaosha dumu la maji ya mashine, yale yaliyosafishwa ninayochanganyia chakula cha seli?"

"Linanuka plastiki! Jumamosi nayamimina maji yako kwenye ndoo yangu, nafunika na kitambaa safi, Jumatatu nayarudisha. Yanatulia vizuri."

"Ndoo gani?"

Shangazi akaitoa chini ya sinki: ndoo ya bati, zawadi ya marehemu, inang'aa kuliko hadubini. Ndani yalikuwamo bado maji kidogo.

"Shangazi, bati hili limepakwa nini?"

"Lipakwe nini? Linang'aa lenyewe."

"Limepakwa zinki lisishike kutu! Mimi nainyang'anya seli zinki, wewe unairudisha kwa ndoo!"

"Yaani si dua?"

"Si dua."

Hapo Shangazi alinuna kidogo.

Binti alikuwa ameshika kichwa, mara akakiachia. Akapanga visahani vipya. Vyote akavitilia dawa ileile. Vya kushoto kwa maji mapya ya mashine, vya kulia kwa maji ya ndoo.

Ijumaa Profesa akainamia hadubini kwa muda mrefu, Bwana Minyoo nyuma yake na nyundo mkononi.

"Za kushoto zimejikunja, zimekufa," Profesa akasema. "Hizi za kulia zimenusurika. Umezirudishia zinki kwa njia gani?"

Binti akamtazama Shangazi. Shangazi hakuwa mtu wa kusema uongo, na Ijumaa ndiyo kabisa.

"Kwa ndoo, Profesa."

Kisha Profesa akaomba aione, akaigeuza, akaigonga kwa kidole. "Zikikosa zinki zinakufa, zikirudishiwa zinapona. Huo ndio ushahidi niliokuwa naungoja. Chumba ni chako, binti. Lakini ndoo haitoki humu."

"Haitoki?" Shangazi akaruka. "Marehemu aliinunua nikogee, haikununuliwa kwa utafiti!"

Wakakubaliana ikae rafuni, na asiipanguse mtu mwingine yeyote ila yeye. Bwana Minyoo akaondoka na nyundo yake.

Tangu hapo Shangazi anapiga deki kwa ndoo ya plastiki, anaziba pua, analalamika. Na akifika kwenye rafu, dua yake ameirekebisha: "Mola, hizi za kulia zisitiri. Za kushoto ziache tu, ziko kazini."