Kuba ya Rada Yashuka Mlimani

Barua ya jeshi ilisema kuba ya rada iliyo juu ya kilima chetu, huku kaskazini kwenye barafu, itabomolewa mwezi wa Aprili, na vipande vyake vizikwe pamoja na mapipa ya zamani. Binamu yangu Maata aliisoma mara mbili, akaikunja, akaweka birika la chai juu yake.

"Siasi," akaniambia, "hawa watu wanataka kuizika nyumba yangu."

Haikuwa yake. Ilikuwa ya jeshi, lililoijenga wazazi wetu wakiwa wadogo ili ndege za Warusi zionekane kabla hazijafika. Marehemu baba yake, Quppapik, alifanya kazi pale miaka kumi na tisa akiviringisha mapipa ya mafuta, na hakuruhusiwa hata siku moja kuingia mle antena ilimozunguka. Warusi hawakuja. Siku hizi kuna rada mpya ng'ambo ya ghuba, inayofanya kazi bila mtu. Antena ya zamani iling'olewa, kuba ikabaki tupu. Maata akavunja kufuli, akaingia, akachora humo miaka minne.

Kuba ilikuwa na vipande mia tatu na kumi vya pembe tatu, vya plastiki ngumu, vimeshikana kwa nati. Alichora kila kimoja kwenye karatasi yake: mabaka yake, namba iliyogongwa pembeni, na majirani zake watatu.

"Wenzio wanachora dubu," nilimwambia, "wewe unachora viraka."

"Dubu wana wachoraji wa kutosha."

Wabomoaji walipofika kwa ndege, watano, tulipanda kilimani kwa pikipiki ya theluji, na samaki mkavu na chupa ya chai. Msimamizi wao aliitwa Gauthier, bonge la mtu mwenye ndevu zilizoganda barafu.

"Dada, hapa pana kazi. Si mahali pa matembezi."

"Sijaja kuwazuia. Bomoeni," Maata akasema, huku akimmiminia chai. "Ila msivunje. Fungueni nati, mimi nitabeba vipande."

"Ukafanye nini navyo?"

"Niijenge upya kijijini, kando ya duka la ushirika."

Gauthier akacheka mpaka chai ikamwagika. "Ramani zake hata jeshi halinazo! Utajuaje kipi kinakaa wapi?"

"Siasi, lete sanduku la michoro."

Nikalileta. Gauthier akafunua karatasi tatu, nne. Akachukua moja, akaenda nayo ukutani akitafuta. Akakiona kipande, baka lake la kutu ya nati likiwa vilevile. Akajaribu ya pili, akajaribu ya tatu.

"Nani alikutuma kufanya hivi?"

"Nani wa kunituma? Nilikuwa nachora."

Gauthier akashika simu ya upepo, akawauliza wakubwa wake. Jibu lilichukua siku mbili. Siku hizo wanaume hawakuwa na la kufanya, basi mimi na Maata tukawaimbia humo ndani ya kuba, tumeshikana mikono, uso kwa uso, sauti zikitoka kooni kwa zamu. Ni mchezo wetu: anayecheka kwanza ameshindwa. Kuba ilizirudisha pumzi zetu mpaka ikawa kana kwamba wanawake ishirini wanaimba. Gauthier akavua kofia. Mimi nikacheka kwanza, kama kawaida yangu.

Siku ya tatu Gauthier akaja na hati. Wakubwa wamekubali, kinachotakiwa ni sahihi tu. Maata akaisoma taratibu, akachomoa penseli, akafuta mstari mmoja uliosema kuba ni zawadi ya jeshi kwa kijiji, kisha akatia sahihi.

"Huwezi kufuta hapo!" Gauthier akasema.

"Si zawadi. Baba aliiviringishia mapipa miaka kumi na tisa."

Gauthier akaitazama hati, akamtazama Maata. Akatia sahihi yake chini ya ile ya Maata.

Wanaume wakafungua nati, nasi tukavuta vipande hadi kijijini kwa sleji za kuteleza kwenye theluji siku nane, nusu ya kijiji ikisaidia na nusu ikitupigia kelele kwamba tunazifunga kamba vibaya. Upepo ulivunja sita. Hapo niliogopa, lakini Maata hakuogopa. Aliwakusanya kina mama, wakashona utumbo wa sili wa baharini, mwembamba unaopitisha mwanga, kama madirisha ya zamani, tukauwamba kwenye matundu ya vile sita tulipoijenga kuba upya. Gauthier, aliyekuwa amemaliza kazi yake, alikosa ndege mbili kwa makusudi ili akaze nati za juu.

Mwezi wa Julai tukafungua. Wa kwanza kuingia alikuwa mama yake Maata, Ulayu, ambaye kwa miaka ile yote kumi na tisa alimpelekea mumewe chakula mpaka getini na kurudi. Alitembea hadi katikati, akapiga kofi moja, akasikiliza likimzunguka mpaka likaisha. Tulimngoja aseme.

"Mlango mwembamba," akasema. "Wajukuu zangu wanene watapitaje?"

Maata akaenda kuchukua msumeno.