Mawe ya Foleni ya Adhel

Mama Sahro, mwenye duka la unga upande wa pili wa njia, anadai kwamba Jumanne alfajiri, alipotoka kumwaga maji ya udhu, aliwakuta watu wameketi nje ya ua wa kina Arek katika mistari miwili. Anadai wa mstari wa kulia walivaa makoti mazito yenye barafu kwenye kola, na wa kushoto walijaa vumbi kama kila mtu wa Kakuma. Akawauliza wanangoja nini. Wakasema daktari. Akawaambia hapa hakuna daktari, kuna msichana tu aliyepata barua mbili. Wakasema ndiye huyo. Wao ni wagonjwa wake wa baadaye, na wamewahi kwa sababu foleni za hospitali zinajulikana.

Arek hakubishana naye. Asubuhi hiyo alikuwa ametoka na mtungi kwenda bombani, na nusura ajikwae kwenye mguu wa mmoja wao.

Barua zilikuwa za mdogo wake, Adhel. Moja ilitoka chuo cha udaktari cha Kigali: ada yote, kitanda, na baada ya hapo njia ya kwenda ng'ambo, kwenye nchi za baridi. Nyingine ilitoka Eldoret, na mwisho wake ulikuwa kazi hospitalini, huku huku Turkana. Zote mbili zilitaka jibu kabla ya mwezi kuisha. Arek aliishia darasa la nane ili Adhel aendelee, hivyo alizisoma polepole, kidole chini ya maneno, mara mbili kila moja.

Wagonjwa hawakusumbua mtu. Wa makoti walishika namba zilizochapwa. Wa vumbi, waliotoka Kalokol, Kapedo na humu kambini, hawakuwa na namba. Kila mmoja aliweka jiwe, kama watu wanavyoweka jiwe kwenye foleni ya bomba, ili akienda haja asikute nafasi yake imeliwa. Watoto wa jirani walilamba barafu ya makoti. Arek alizunguka na kikombe cha maji.

Siku ya tatu Arek alifika kwenye jiwe la saba la mstari wa vumbi akajikuta yeye mwenyewe ameketi pale, amezeeka. Alikuwa na mvi, na mkono ameubana chini ya titi la kushoto.

"Ejok," akashukuru mwenye mvi kwa Kiturkana, akanywa, akarudisha kikombe.

"Unaumwa nini?"

"Hayo ni ya daktari."

Arek akasogea kwa wa nane. Hakumwambia Adhel. Alijua akimwambia, mdogo wake atachagua kwa ajili yake. Mwenye mvi naye, kila Adhel alipopita, alijifunika shuka mpaka puani.

Ijumaa jioni Adhel alisimama mlangoni na barua zake, akawatazama kwa muda.

"Dada, wale wana namba," akasema. "Hawa wana mawe."

"Nimeona."

"Basi Kigali nitawaandikia, niwaombe radhi."

"Na kitanda? Na ada yote ile?"

"Dada, usinirudishe nyuma."

Wa makoti walisikia. Wakasimama bila kinyongo, wakasema watapata daktari mwingine, kwao wapo. Wakashika barabara ya Lokichoggio wakidondosha maji. Arek akaingia jikoni akafurahi peke yake, kisha akaona haya.

Kikabaki kibali. Mkimbizi hatoki kambini bila karatasi, na kambini waliambiwa karatasi ya masomo hutolewa Lodwar. Abdinur, kakake Mama Sahro, akawapakia kwenye lori lake. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alikuwa anakula, hakuangalia nyuma ya lori. Lodwar, karani mpole aitwaye Amuria aliisoma barua yote akitabasamu.

"Daktari! Hongera sana. Na hapa Lodwar mmekuja kwa kibali gani?"

"Hatuna," akasema Adhel. "Ndicho tulichofuata."

"Sasa nitampaje kibali mtu ambaye hayuko hapa? Kwa karatasi, nyinyi mko Kakuma." Akamrudishia barua kwa mikono miwili. "Ombeni kule kibali cha kuja huku. Mkipata, njooni. Mimi nipo."

Waliporudi wakaomba. Mwezi ukaisha kabla ya jibu. Eldoret wakaandika, kwa heshima, kwamba nafasi amepewa mwingine.

Arek alidhani mstari wa vumbi utaondoka. Haukuondoka. Ulirefuka mpaka ukapita duka la Mama Sahro, ambaye aliacha kulalamika akaanza kuwauzia chai. Adhel alipata kazi ya kupima unga siku za mgao. Akirudi anaruka mawe, anawasalimia wote, anaingia ndani.

Jioni moja Arek alifika na kikombe kwenye jiwe la saba. Mwenye mvi hakunywa. Alikuwa amelala ubavu, jiwe lake amelikumbatia.

"Mwite," akasema.

Ndani, Adhel alikuwa anasugua sufuria. Sauti ilikoma kidogo, halafu ikaendelea.

"Arek," akasema mwenye mvi. "Mwite basi."

Arek alibaki ameshika kikombe.