Lyuben Nguzoni

Huku kwetu mtu akifa, picha yake hubandikwa kwenye nguzo, ndani ya fremu nyeusi, na sisi wazee hilo ndilo gazeti letu. Basi asubuhi ile natoka kununua mkate, miwani nimeiacha nyumbani, nainua macho kwenye nguzo ya pale dukani: Lyuben! Mjukuu wangu, niliyemlea kwa mikono hii tangu mama yake aende Hispania kuosha vyombo.

Mkate niliutupa. Nilipiga yowe mpaka jirani yangu Penka akatoka na taulo kichwani. Simu ya Lyuben inaita tu. Jana aliniaga kwamba analala kwa vijana wenzake wa kampeni ya kupinga dawa za kulevya, nikamwambia afadhali hao kuliko kuzurura na Zhivko, maana mifuko ya Zhivko siiamini hata kidogo.

"Zhivko kaniulia mtoto!" nikalia.

Muda si muda ua umejaa watu na maua yaliyofungwa mawili mawili, kama ya makaburini. Penka kaingia jikoni kwangu bila hodi, kabandika sufuria ya ngano, ile ya kuchemsha tunayokula msibani.

Mara Lyuben huyo getini, anatafuna tufaha.

"Bibi, kafa nani?"

"Wewe, mshenzi wewe!" Nikamkumbatia, nikamtwanga mgongoni, nikamkumbatia tena.

"Jamani, hamkusoma chini? Imeandikwa, 'Bado yu hai, tumlinde.' Ni bango la kampeni! Yale ya kawaida hayasomwi na mtu."

"Nani anasoma chini?" Penka akafoka. "Mtu akiona picha, analia! Sufuria nzima ya ngano, Lyuben, utaila wewe!"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nacheka huku nalia.

Ndipo Zhivko akaingia mbio, macho yamemvimba. Nguzo hakuiona, alisikia msiba tu mtaani. Alipomwona Lyuben akakaa chini kwenye changarawe.

"Nilidhani vimekuua," akasema. "Vile vidonge nilivyokupa."

Kicheko kikakatika. Nikamgeukia mjukuu wangu, mtoto wa mabango. Akainamisha kichwa, akatoa mfukoni kikaratasi chenye vidonge, akaniwekea kiganjani.

"Nilikuwa nimeviweka mpaka Jumamosi, bibi. Nilitaka kujaribu mara moja tu."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilimpenda mtoto yule mpaka kifua kikaniuma, na nilimwogopa pia.

Zhivko akainuka, ananyata kuelekea getini. Nikamshika ukosi.

"Unakwenda wapi, we?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kuna nani?"

Akatazama viatu vyake. "Hakuna mtu, bibi."

Nilikuwa nimenuia kumzaba kibao. Mkono ukagoma. Nikamvuta ndani pamoja na mwenzake, na ukosi sikuuachia.