Bibi Yangu Alivyoshindwa Usaili wa Uchawi

Usiku wa jana niliota ninafanya usaili wa wachawi katika darasa la tatu la shule ya msingi, na wachawi wote walikuwa wamewahi.

Sikushangaa sana. Wiki tatu nzima nimekuwa nikifanya kazi hiyohiyo nikiwa macho. Naitwa Saumu, ninatengeneza filamu fupi hapa Lushoto, ya dakika kumi na nane, kuhusu binti anayegundua kwamba bibi yake ni mchawi, na katika kugundua hivyo anajitambua mwenyewe. Filamu haina kampuni wala mfadhili. Ina mimi, ina rafiki yangu Sikudhani, na ina kamera ya kuazima ambayo Jumatatu inarudi kwa mwenyewe. Imebaki sehemu moja tu, ya bibi. Wanawake watatu wamekubali kuigiza na wote watatu wamejitoa. Wa mwisho aliniambia, "Mwanangu, wewe ukimaliza utaondoka na kamera yako. Mimi nitabaki na majirani."

Basi ndotoni darasa limejaa. Wanawake wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni, kila mmoja ana kadi ya kliniki yenye namba. Kamera imekalia kiti cha mwalimu. Imekunja miguu yake mitatu na inakohoa kwa sababu ya baridi.

"Mwongozaji," kamera inaniambia, "leo naona vitu viwiliviwili. Ukichagua mtu, chagua mwembamba."

"Kimya, tunaanza!" nikasema, kama tunavyosema siku zote.

Kimya kikaingia. Kilikuwa kirefu, kimevaa koti la mvua. Kikaomba radhi kwa kuchelewa, kikaenda kukaa dawati la nyuma. Midomo ya watu ikawa inacheza bila sauti, hata mvua ya nje haikusikika. Ikabidi nikiandikie karatasi kukiomba kitoke. Kilitoka kwa kunyata, wala hakikukasirika.

"Namba kumi na nne," Sikudhani akaita.

Mlango ukafunguka, akaingia bibi yangu mzaa mama, aliyefariki miaka kumi na moja iliyopita.

Sikudhani ndiye mwenye daftari la mwendelezo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba aliyevaa bangili mkono wa kushoto asubuhi hajaihamishia mkono wa kulia mchana. Ni kazi inayomfaa, maana hasahau kitu na hasamehe.

"Jina?" akauliza.

"Mwanamkasi binti Shekiondo."

"Umri?"

"Wa kufa au wa sasa?"

Sikudhani akapekua daftari. "Wa kufa. Wa sasa haumo humu. Halafu hapa naona ulizikwa na sanda, na sasa umevaa kanga. Hilo ni kosa la mwendelezo."

"Sanda nimeifua," bibi akasema. "Haijakauka. Si unaijua mvua ya huku?"

Sikudhani akaandika: haijakauka.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda? Hiyo filamu inakula nini?"

"Inanila mimi."

"Ndicho ninachokiona."

Nieleze kidogo, kwa sababu hata ndotoni nilikuwa nayakumbuka haya. Bibi alifukuzwa kijijini kwao, huko juu mlimani, mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Ng'ombe wawili wa jirani walikufa wiki moja, na bibi alikuwa na macho mekundu. Ushahidi wote ulikuwa huo. Aliteremka Korogwe na kapu moja, akauza maandazi mpaka mwisho wa maisha yake. Mama, ambaye siku hiyo alikuwa na miaka kumi na tisa, alimfuata baada ya miezi mitano. Lakini mama hajawahi kunisimulia. Ukimuuliza habari za siku ile, anaanza kuosha vyombo ambavyo tayari ni safi. Haya machache niliyaokota kwa shangazi, nikayatengenezea filamu.

"Haya, bibi," nikamwambia, kwa sababu kazi ni kazi. "Tafadhali cheka kichawi."

Bibi akacheka. Kuku wakaingia darasani kutoka pande zote, wakatulia miguuni pake.

"Hicho si kicheko cha uchawi," kamera ikasema. "Hicho ni cha mtu aliyeona wageni na ana chakula cha kutosha."

"Sasa mlaani jirani yako."

Bibi akafikiri. Akakunja uso, akanyoosha kidole. "Mungu akupe," akasema kwa sauti nzito, "watoto wenye adabu."

"Bibi, hiyo ni dua."

"Basi nimpe laana gani? Mtu mwenyewe simjui."

Ukabaki mtihani wa kuruka. Ungo ulikuwa umeegemea ubao. Nilipomwambia bibi aupande, ungo wenyewe ukakohoa kidogo.

"Samahani, mama," ungo ukasema. "Watu wanasema mengi juu yetu, lakini mimi sijawahi kubeba mtu. Mimi ni wa mchele."

"Najua, baba," bibi akaujibu. Akauinua, akaweka mchele sijui aliutoa wapi, akaanza kupepeta. Ungo ukafumba macho kama mtoto anayeogeshwa.

Akiwa anapepeta akaniambia, "Hebu nisomee hapo bibi anapotokea."

Nikasoma: "Bibi anatokea mlangoni. Macho yake ni mekundu, ya kutisha."

Mikono yake ikasimama. "Nani kaandika?"

"Mimi."

"Kwa nini ni mekundu?"

"Kwa sababu ni mchawi."

Bibi akaweka ungo chini, akanisogelea mpaka pua yake ikakaribia kugusa yangu. Kamera ikageuza lenzi, ikajifanya inasoma ubaoni. Macho ya bibi yalikuwa mekundu kweli, kingo zote, na katikati yalikuwa yananitazama kwa upole ambao sikustahili.

"Huu ni moshi," akasema. "Miaka arobaini ya kuni mbichi. Kuni kavu zilikuwa za wenye waume. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Mimi sijakasirika. Ninakuonyesha tu, kwa kuwa ninyi wa kamera mnapenda picha za karibu."

Nilitamani Kimya kirudi. Nilitazama madawati, nikaona wanawake wote kumi na tatu waliotangulia, na macho yao wote ni mekundu, na kila mmoja ananukia moshi wa jikoni kwake.

Nikajikaza, nikatoa jibu la usaili. "Bibi, nisamehe. Umeshindwa."

"Umesemaje?"

"Umeshindwa kucheka, umeshindwa kulaani, umeshindwa kuruka. Huwezi kuwa mchawi."

Bibi akakaa kwenye dawati taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo na mwingine.

"Niandikie," akasema. "Niandikie, na mhuri ugonge. Miaka yote hii natafuta mtu wa kuniandikia hilo."

Mhuri hatukuwa nao. Kamera ikajitolea kifuniko cha lenzi yake, tukakichovya kwenye wino. Nikaandika: *Kwa yeyote anayehusika. Mwanamkasi binti Shekiondo amepimwa uchawi mbele yetu leo na ameshindwa mitihani yote mitatu.* Nikagonga. Bibi akaikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Nilipoinua kichwa, wanawake kumi na tatu walikuwa wamesimama foleni nyuma yake. Niliandika mpaka kalamu ikaisha wino, nikaendelea na kaa la jikoni.

Nikiwa naandika ya mwisho, kondakta wa basi akachungulia dirishani.

"Nani Saumu? Kuna mzigo wako kutoka Mombo."

"Mzigo gani?"

Akasoma lebo. "Kujitambua. Kimoja. Usiweke kichwa chini, miguu juu."

Nikakumbuka kwamba kweli niliuagiza, kwa ajili ya ukurasa wa mwisho, pale palipoandikwa *binti anajitambua*. Nikanyoosha mikono.

"Kitambulisho," kondakta akasema.

"Sina hapa."

"Dada, nitakukabidhije kujitambua kama huna kitambulisho?"

Lilikuwa swali la haki.

"Mpe," bibi akasema. "Huyo ni mjukuu wangu. Mimi ninamtambua."

Kondakta akaona inatosha, akanipa. Boksi lilikuwa jepesi, limefungwa kwa kamba ya katani. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na asubuhi moja ya zamani, na kabla sijaifunika tena, ikamwagika, tukawa tumo ndani yake.

Ni saa nne asubuhi. Jua linawaka juu ya mlima, migomba imelowa umande. Tumesimama kwenye uwanja wa nyumba ya udongo. Kijiji chote kimekusanyika, na kila mtu ameshika kurasa za mswada wangu.

"Mchawi aondoke," wanasoma pamoja, bila hisia, kama watoto wanaosoma kitabu cha kiada.

"Mchawi aongoke," anasoma mzee mmoja aliyesahau miwani.

"Aondoke," Sikudhani anamsahihisha.

"Mimi naona bora aongoke," mzee anasema.

Bibi amesimama katikati na kapu lake. Ni mdogo kuliko nilivyomzoea, mgongo umenyooka. Mtu mmoja anarusha bonge la udongo.

"Kata!" nikapiga kelele.

Kila kitu kikasimama. Midomo ikabaki wazi. Bonge la udongo likaning'inia hewani, hatua mbili kutoka kwenye sikio la bibi. Nikalifuata, nikalichukua kwa mikono miwili, nikaliweka chini polepole lisivunjike.

Hapo nikaona kwamba kuna mtu mmoja ambaye hakusimama. Kwenye mlango wa jiko, nusu ndani na nusu nje, alikuwepo msichana mwembamba. Nilimjua kwa masikio, maana masikio yale ninayo mimi. Mkononi ameshika mwiko wenye ugali, na anaupunga. Anaupunga kidogokidogo, usawa wa kiuno, kama mtu anayeaga na hataki kuonekana anaaga.

"Mama!" nikamwita.

Hakunisikia.

"Mwache," bibi akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia akae jikoni, asitoke, asiseme neno. Angetoka wangemuunganisha na mimi."

"Kwa nini anapunga mwiko?"

"Ndio uliokuwa mkononi. Alikuwa anasonga ugali nile kabla sijaondoka."

Ugali ulikuwa unadondoka kutoka kwenye mwiko, kipande baada ya kipande, na kuku wa darasani, ambao walikuwa wametufuata, wakauokota.

"Anadhani sikumwona," bibi akaendelea. "Nilikuwa nimeshampa mgongo. Lakini mkononi nilikuwa na sufuria mpya, nimeishika mbele, inang'aa kama kioo. Nilimwona humo tangu mlangoni mpaka kwenye kona. Mwambie niliuona mwiko."

"Kwa nini hukumwambia mwenyewe? Mmeishi Korogwe miaka mingapi?"

"Kila nikitaka kuanza, anaosha vyombo."

Tukamtazama mama pamoja kwa muda. Bibi akaninyooshea mshikio mmoja wa kapu.

"Haya. Wewe si mwongozaji? Niongoze."

Nikashika upande mmoja, yeye akashika mwingine. Tukateremka mlima. Kamera ikatufuata kwa miguu yake mitatu, ikijikwaa na kulaumu mawe. Sikudhani akatazama nyayo zetu, akatazama daftari, akaandika *sahihi*, kisha akalifunga, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Nilijua kwamba nikisema "kata" tutasimama. Sikusema. Tulikwenda hivyo mpaka ukungu ukatumeza, na kitu cha mwisho nilichohisi ni uzito wa kapu ukizidi upande wangu.

Niliamka saa kumi na mbili na nusu, mkono wa kulia umekufa ganzi. Kabla ya kunawa uso nilichukua mswada, nikayakata maneno *macho yake ni mekundu, ya kutisha*. Sikuandika kitu badala yake. Halafu nikampigia mama simu Korogwe.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Umekula?"

"Bado. Mama, nimemuota bibi."

Nikasikia bomba likifunguliwa, na sahani zikigongana.

"Wafu tuwaombee," mama akasema juu ya maji.

"Ana ujumbe wako. Anasema aliuona mwiko."

Bomba likafungwa.

Nilingoja. Nikasikia kigoda kikivutwa sakafuni, na mama akikaa.

"Saumu, nani kakwambia habari za mwiko?"

"Mwenyewe."

"Hata baba yako sikuwahi kumwambia. Sasa aliuonaje? Mbona alikuwa ameshanipa mgongo?"

"Kwenye sufuria, mama."

"Sufuria," mama akarudia. "Ile mpya. Alikataa kuiweka kapuni chini, akaishika mbele njia nzima. Mimi nikadhani anaiogopea isipate mikwaruzo."

Kisha akacheka, au alilia, kwa simu sikuweza kujua. Nilipomsikia tena alikuwa tayari anatafuta viatu.

"Leo mnapiga picha?"

"Tukipata mtu wa kuigiza."

"Msiwashe hiyo kamera mpaka nifike," mama akasema. "Napanda basi la saa tatu."