Zipu ya Mgongoni

Tulikuwa watu kumi na saba kwenye chumba cha kuonyeshea sinema, Jumamosi saa tisa alasiri, mapazia mazito yamefungwa, na hakuna aliyetulia. Mbele yangu mkwe wangu alikuwa anakunja mguu huu, anaukunjua, anakunja ule. Fundi wa sauti alitoka kwenda msalani, akarudi, akatoka tena. Nyuma kuna mtu alikuwa akifungua peremende, na karatasi yake ilichukua muda mrefu kuliko peremende yenyewe.

Wakati huo mbele yetu kulikuwa na uzuri ambao sijapata kuuona tangu nizaliwe. Kulikuwa na sayari yenye pete za zambarau, na mji wa vioo unaoning'inia hewani bila nguzo. Vyombo vya angani vilipita polepole, kimoja kimoja, taa zake zikimwagika juu ya bahari nyeusi. Vilipita dakika kumi na tisa. Nilitazama saa yangu mwanzo na mwisho, ndiyo maana najua.

Sinema hiyo ni ya mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili. Mimi humwita mke mwenzangu, kwa utani wetu, naye huniita mke mkubwa. Aliihangaikia miaka sita. Alhamisi ilikuwa siku ya kuikabidhi kwa wasambazaji, na ikishatoka mikononi mwake hairudi tena. Basi akatukusanya sisi wa nyumbani pamoja na wenzake wa kazini, akatuomba kila mmoja amwambie ukweli. Alisema kuna kitu kinamkera ndani ya sinema yake na hajui ni nini. Alikuwa amekonda hata saa ya mkononi inamzunguka.

Mimi nilikuwa mshonaji wake. Mavazi yote ya anga ni ya cherehani yangu, kumi na moja, likiwemo jeupe la mwigizaji mkuu. Hadithi yenyewe ni ya mwanamke aliyeachwa peke yake kwenye sayari ile miaka kumi na miwili, akingoja wenzake wamrudie. Hana jirani, hana hata paka. Anatembea kwenye kumbi za vioo, anatazama majua mawili yakichomoza, na anasema maneno mazuri kwa mashine moja yenye taa ya kijani.

Sinema ilipokaribia nusu, mwanamke yule aligeukia dirishani na kamera ikamzunguka taratibu, nikauona mgongo wake. Niliiona zipu yangu. Ilikuwa imefungwa mpaka juu kabisa, na kile kishikio kimelala chini ya kola, kama nilivyokuwa nikikilaza mwenyewe.

Huyu mtu yuko peke yake. Nani kamfunga?

Niseme ilivyokuwa. Mjukuu wangu alitaka kifua cha vazi kiwe laini, kisiwe na mshono, ili mwanga uteleze juu yake kama maji. Nikamwambia hilo si tatizo, zipu tutaitia mgongoni, kutoka kiunoni mpaka shingoni. Siku arobaini na moja za kupiga picha, kila asubuhi nilisimama nyuma ya yule mwigizaji, nikavuta, nikalaza kishikio, nikampigapiga begani na kumwambia haya mwanangu, nenda. Sikujiuliza kitu.

Na katika watu wote, mimi ndiye niliyepaswa kujiuliza. Babu yao, mume wangu, alipofariki nilikuwa na magauni manne ya zipu ya mgongoni, na miaka thelathini na nane yeye ndiye aliyekuwa akinifunga. Mwaka mmoja nilihangaika nayo. Mwaka wa pili niliyafumua yote manne, nikatia vifungo mbele. Mpaka leo sijashona gauni langu la kufungwa nyuma. Nikaja kumshonea hivyo mtu aliyeachwa kwenye sayari.

Taa ziliwashwa, watu wakapiga makofi. Mkwe wangu alisema rangi zile ni za hali ya juu. Binti yangu alilia kidogo, akasema hajawahi kuona kitu kama kile, na hapo hakusema uongo. Fundi wa sauti alisifu vyombo vya angani, naye nusu yavyo hakuiona. Mjukuu wangu alimshukuru kila mmoja huku akiwatazama machoni kama mtu anayetafuta alichopoteza. Kisha akanifikia.

"Na wewe, mke mkubwa?"

Nilimjibu kwamba macho yangu yameshiba.

"Nimekuuliza sinema. Macho ni yako."

Binti yangu alinikanyaga mguu. Alivaa viatu vya kisigino, na alikanyaga kwa nia. Nilijua anachotaka. Ningeweza kusema nzuri sana, tukaenda kunywa chai, na Alhamisi ikapita. Lakini yule mtoto alikuwa bado ananitazama machoni.

"Nani alimfunga zipu?" nikauliza.

"Zipu gani?"

"Ya mgongoni. Miaka kumi na miwili yuko peke yake. Asubuhi anafungwa na nani?"

Watu wakacheka. Mkwe wangu akasema huenda ile mashine ya taa ya kijani ina mikono, wakacheka zaidi. Mjukuu wangu hakucheka.

"Hakuna mtu atakayeiona hiyo zipu, Bibi."

Akaniita Bibi. Hilo liliniuma kuliko kisigino.

"Hawataiona," nikasema. "Ila nimewaona walivyokuwa wakijinyonganyonga kwenye viti. Huyo mwanamke hajakaa peke yake hata siku moja. Anaamka kashavaa, kashachanwa. Mimi nilikuwa nyuma yake kila siku, mjukuu wangu, na inaonekana."

Alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga. Watu wakaanza kutafuta funguo zao.

Jumapili sikukaa chini. Nilishona pindo la pazia, nikalifumua, nikalishona tena upande usio wake. Nilivunja sindano mbili. Binti yangu alipiga simu mara tatu kuniuliza kwa nini nisingenyamaza kama watu wengine, siku nne tu zimebaki, nilitaka mtoto afanye nini na siku nne. Mara ya tatu nilimwacha aseme mpaka akachoka. Niliwaza labda kweli ni uzee. Miaka sita ya mtu, halafu mimi na zipu.

Jumatatu kabla ya adhuhuri mlango uligongwa. Mjukuu wangu alikuwa amesimama kizingitini, macho mekundu, hataki kuingia wala kuondoka.

"Babu alipofariki," akasema, "ulikuwa unafungaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimwambia mwanzoni nilijaribu mkono mmoja kwa juu na mmoja kwa chini, na mikono haikukutana. Baadaye nilipitisha uzi mnene kwenye kishikio, nikautupa begani, nikavuta. Siku nyingine uzi ulikatika. Mara moja nilikwenda kwenye harusi na gauni wazi nusu mgongo, nimejitanda mtandio, na sikuuvua hata jasho liliponitoka. Na zipo siku nilikaa kitandani na gauni likiwa wazi, nikaahirisha kutoka.

"Ulikaa muda gani?"

"Mpaka jioni."

Aliingia, akakaa kwenye kigoda changu cha kushonea. Kisha akatoa simu na kuanza kuwaita watu wake. Nilimsikia akimwambia mhariri wa picha avipunguze vyombo vya angani, na mhariri akipiga kelele upande wa pili. Akamwambia abakize dakika mbili. Kelele zikazidi.

Jumanne walijenga tena ukuta mmoja na kitanda cha yule mwanamke wa sayari, wapige picha ya asubuhi yake. Mwigizaji alivaa vazi langu likiwa wazi mgongoni, na mjukuu wangu alinionya nisimwambie habari za uzi. Yeye aambiwe tu kwamba ameamka na anataka kuvaa.

Nilikaa kwenye kiti nyuma ya mpiga picha. Mwigizaji alijaribu mkono wa juu, akajaribu wa chini. Alijipinda, akazunguka mahali pamoja, akaegemea ukuta na kujisugua nao. Zipu ilipanda kidogo ikakwama. Halafu, kwa mazoea ya zile asubuhi arobaini na moja, alirudi kinyumenyume kuelekea nilipo, akasimama, akanipa mgongo.

Mikono yangu iliinuka yenyewe. Mjukuu wangu alinitazama na kutikisa kichwa, mara moja tu. Nikairudisha mikono, nikaikalia.

Mwigizaji alisubiri. Kamera ilikuwa inakwenda. Alisubiri muda ambao mtu husubiri mwenzake amalize kunawa mikono, kisha muda mrefu zaidi ya huo, na mabega yake yakaanza kushuka, kwanza moja, halafu la pili. Hakugeuka. Vidole viliniuma chini ya mapaja, nikazidi kuvikandamiza, na hakuna aliyesema "kata."