Wa Kumrudisha Nyumbani

Afisa ustawi wa jamii alikuwa amevuka hamsini, na hospitali aliyoichagua siku ile haikuwa ile aliyofanyia kazi. Kule kwao kila mtu, kuanzia mlinzi wa getini, alimwita Mama Ustawi, naye hakutaka wamwone kwenye benchi la wagonjwa. Hedhi yake ilikwisha koma zamani. Sasa damu ilikuwa imerudi, na kwa miezi kadhaa alijidanganya kuwa ni uchovu tu.

Muuguzi alimtazama juu ya miwani. "Daktari atachukua kinyama kidogo kwenye kizazi kikapimwe. Utachomwa sindano ya usingizi. Umekuja na nani?"

"Niko mwenyewe."

"Basi haiwezekani. Lazima awepo wa kukurudisha nyumbani. Nenda chumba cha mwisho, kuna watu wa ustawi wa jamii, watakusaidia."

Nusura acheke. Hata hivyo alikwenda.

Mle ndani alikuta mwanamume mwenye upara, wa rika lake. "Karibu, dada. Nyumbani unaishi na nani?"

"Ndugu ninao wengi."

Jibu hilo alilijua. Alilisikia kila siku kwa wagonjwa wake, na alijua maana yake. Yule mwanamume akangoja, vilevile kama yeye alivyozoea kungoja, na kimya kile kikamchoma.

"Sina mtu," akasema hatimaye.

Wazazi walikwisha tangulia, ndoa haikudumu, mtoto hakujaliwa. Jioni alirudi kutoka kazini akiwa amewasikiliza watu hadi hamu ya kuongea imemwisha. Simu za ndugu akaziacha ziite, mpaka zikaacha kuita.

"Hata mmoja?"

"Kuna wifi yangu, mjane wa kaka. Tangu tumzike kaka hatujasemezana. Hatukugombana. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze."

"Mpigie."

"Nitaanzaje?"

"Anza na salamu. Ukikwama, mimi nipo."

Wifi alipokea. "Makubwa! Leo umenikumbuka?"

"Wifi, naumwa."

"Ndiyo maana umenikumbuka."

"Ndiyo."

"Uko hospitali gani?" wifi akauliza.

Alifika akihema, kitambaa cha kichwani kimekwenda upande. Hawakukumbatiana. Kipimo kilipokwisha, wifi alimshika kiwiko hadi kwenye teksi, hadi mlangoni, akaingia na kutazama sebule yenye kiti kimoja kisicho na nguo zilizorundikwa.

"Mh! Humu hata mende wamehama."

Mama Ustawi alicheka hadi tumbo likamuuma. Lakini wifi alikuwa na wajukuu wa kulisha, akaondoka mapema, na nyumba ikarudia ukimya wake.

Majibu yalisema ni saratani, ila imewahiwa. Akaenda kutolewa kizazi. Wifi aliishi mbali. Wodini aliweza kuja mara moja tu. Siku nyingine, saa ya kuona wagonjwa ilipofika, Mama Ustawi aligeukia ukutani akajifanya amelala, asikie vicheko bila kuonekana hana mgeni.

Siku moja mama mzazi wa mgonjwa wa kitanda cha jirani alimwinamia Mama Ustawi. "Pole, mwanangu. Umelala?"

Ilikuwa miaka mingi tangu aitwe mwanangu na mtu yeyote. Machozi yakamtoka, mto ukalowa.

"Sijalala, mama," akasema, akageuka.